Makarani Vijana na Kompyuta ya Chama

Msimu wa kununua mahindi unapokaribia, bodi za vyama vya msingi katika Uwanda wa Ufipa huanza kutafuta makarani: wa mizani, wa ghala na wa ofisi. Wanaoomba kazi hizo ni vijana, wengi wao wahitimu wa kidato cha nne au cha sita, na wachache wenye cheti au stashahada ya uhasibu. Katika barua za maombi ni nadra kumkuta kijana asiyeandika kwamba anaijua kompyuta. Wajumbe wa bodi, ambao aghalabu ni watu wa makamo waliojifunza hesabu kwa kalamu na daftari la mistari, husadiki maneno hayo bila kuyapima. Hudhani kwamba mtu aliyeshika simu tangu utotoni hawezi kushindwa na mashine iliyo juu ya meza.

Dhana hiyo si sahihi, na gharama yake hulipwa na mwanachama aliyeleta magunia yake ghalani.

Kazi ya ofisi ya chama haiko tena kama ilivyokuwa zamani, ambapo karani alihitaji mwandiko mzuri, stakabadhi zenye nakala ya kaboni na akili ya kujumlisha. Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, inavitaka vyama viingize taarifa zao katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kwa kifupi MUVU. Mbolea ya ruzuku, ambayo mpango wake ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, humfikia mkulima aliyesajiliwa kwa njia ya mtandao, naye hupewa namba yake. Huko Mtwara na Lindi, korosho za msimu wa 2024/2025 ziliuzwa kwa minada iliyoendeshwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Malipo ya wakulima nayo hupitia benki au simu kwa kufuata orodha inayotayarishwa na chama. Katika mambo yote hayo kuna mtu mmoja anayeketi mbele ya kioo na kuandika majina na namba, na mtu huyo ni karani kijana.

Ili kuelewa kwa nini kijana huyo hushindwa, hapana budi kutofautisha simu na kompyuta ya mezani. Vyombo hivi viwili ni ndugu, lakini havikulelewa nyumba moja. Simu ya kisasa imetengenezwa ili mtumiaji asihangaike kujua kitu kinakaa wapi. Picha ikipigwa, hujihifadhi yenyewe. Ujumbe ukiandikwa, hubaki palepale ulipoandikwa. Kompyuta ya ofisini humtaka mtumiaji aamue: waraka huu uitwe jina gani, uwekwe katika folda ipi, na uhifadhiwe lini. Kijana ambaye hajafundishwa hivyo huandika orodha ya wanachama siku nzima, kisha kesho yake haioni. Haikupotea. Ipo mahali asipopajua, chini ya jina ambalo mashine ililichagua kwa niaba yake. Naye, kwa aibu ya kuuliza, huanza kuandika upya, na sasa chama kina orodha mbili zisizolingana.

Mfano mzuri wa tofauti hii ulionekana katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022. Maelfu ya makarani waliizunguka nchi wakiwa na vishikwambi, na wengi wao walikuwa vijana wa aina hii hii. Kazi ilifanyika, na Watanzania 61,741,120 wakahesabiwa. Lakini katika kishikwambi cha sensa kila swali lilikuwa limekwisha kuandikwa na wataalamu, na karani alisubiri swali litokee na kujaza jibu. Ofisini hakuna aliyemtangulia kuandika maswali. Karani hupewa karatasi tupu ya kielektroniki na kuambiwa atengeneze daftari la mapokezi ya mazao. Kujaza fomu ni kazi moja, na kuitunga fomu ni nyingine.

Karatasi hiyo ya kielektroniki ndiyo lahajedwali, ambayo ofisini huitwa Excel kwa jina la programu ya kampuni ya Microsoft. Hapa ndipo hasara nyingi huzaliwa, na yafaa jambo hili lielezwe kwa kirefu, kwa sababu hata wajumbe wa kamati za usimamizi wasioigusa kompyuta wanaweza kuyatambua makosa yake wakijua pa kutazama.

Kosa la kwanza ni dogo kwa macho. Wanachama watatu wameleta mahindi: wa kwanza kilo 1,250, wa pili kilo 980, wa tatu kilo 640. Karani anaandika namba mbili za kwanza ipasavyo, na ya tatu anaiandika “640kg”, kama ambavyo angeandika katika daftari. Kwa binadamu maandishi hayo yanaeleweka. Kwa kompyuta, kisanduku chenye herufi ndani yake si namba tena, bali ni neno, na neno halijumlishwi. Mashine itatoa jumla ya kilo 2,230 badala ya 2,870, wala haitalalamika. Ikiwa bei ni shilingi 700 kwa kilo, shilingi 448,000 za mwanachama mmoja zimetoka katika jumla ya chama bila mwizi yeyote kuingia ofisini. Ghala litaonekana lina mahindi ya ziada, na vitabu vitaonekana pungufu. Mkaguzi akifika, swali la kwanza litakuwa juu ya uaminifu wa karani, ilhali kosa lilikuwa la herufi mbili.

Kosa la pili ni la hatari zaidi. Mwenyekiti anataka orodha ipangwe kwa alfabeti ili majina yapatikane kwa urahisi siku ya malipo. Karani anaichagua safu ya majina peke yake na kuiamuru ijipange. Mashine huuliza, kwa Kiingereza, kama safu za jirani nazo zisogezwe pamoja. Karani asiyejiamini hubonyeza jibu lolote ili swali liondoke. Akikosea, majina yote yanahama na kilo zinabaki zilipokuwa. Aliyeleta magunia matatu sasa yuko mbele ya hesabu ya aliyeleta arobaini. Jumla kuu haikubadilika hata kwa kilo moja, kwa hiyo anayetazama mstari wa mwisho peke yake atasema hesabu ni safi. Kosa hili hugunduliwa siku ya malipo, mlangoni pa ofisi, wakati wanachama wamekwisha kukasirika.

Kosa la tatu linahusu namba ya Kitambulisho cha Taifa, ambayo ina tarakimu 20. Excel huhifadhi kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Karani akiiandika namba ya NIDA mfululizo bila vistari, kama namba ya kawaida, tarakimu tano za mwisho hugeuzwa kuwa sifuri, na kioo humwonyesha namba iliyofupishwa yenye herufi E katikati. Tarakimu zilizopotea hazirudi hata kisanduku kikirekebishwa baadaye. Lazima mwanachama aitwe tena na kitambulisho chake. Kwa mwanachama anayekaa Muze au Mtowisa, chini katika Bonde la Ziwa Rukwa, kuitwa tena maana yake ni nauli na siku ya kazi. Dawa ya kosa hili ni ya nusu dakika: safu hiyo iamriwe kuwa ya maandishi kabla ya kuandika chochote, au namba iandikwe pamoja na vistari vyake. Namba za simu na za akaunti zinazoanza na sifuri huponea kwa dawa hiyo hiyo, kwani zikiandikwa kama namba za hesabu hupoteza sifuri ya mwanzo, na benki huirudisha orodha.

Katika daftari la karatasi kosa huacha alama. Wino ukifutwa unaonekana, na ukurasa ukichanwa kisiki chake hubaki. Katika lahajedwali kosa halina kovu. Hii ndiyo sababu chama chenye karani asiyefundishwa ni afadhali kiendelee na daftari kuliko kuwa na kompyuta inayoaminiwa na kila mtu na isiyoeleweka na yeyote.

Lipo jambo jingine ambalo huzungumzwa kidogo kwa sababu linahusu heshima ya kijana. Karani asiyeweza kuingiza taarifa katika mfumo hafungui kinywa kusema hivyo. Huchukua daftari la chama, hupanda pikipiki, huenda Sumbawanga mjini, au Laela, au Namanyere, kwenye duka la stesheneri lenye kompyuta na mashine ya kutoa nakala. Huko hulipa fedha kidogo, na mwenye duka humfanyia kazi. Hakuna la kumshangaza katika hili, kwa kuwa kijana huyo amezoea: maombi ya mkopo wa elimu ya juu alijaziwa dukani, maombi ya kazi katika mtandao wa Sekretarieti ya Ajira alijaziwa dukani, hata anwani yake ya barua pepe ilifunguliwa na mwenye duka, ambaye pengine ndiye pekee anayeikumbuka nywila yake. Maduka haya yamewasaidia watu wengi na hayastahili lawama. Lakini nywila ya chama ni sawa na ufunguo wa kasiki, na hakuna chama ambacho kingemkabidhi ufunguo wa kasiki mtu wa sokoni kwa sababu karani wake hajui kuuzungusha. Tena, tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chama kinachokusanya majina, namba za vitambulisho na akaunti za wanachama kinawajibika kuzilinda.

Pengo hili lilitoka wapi? Si sahihi kusema kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu wa akili. Historia ya kompyuta katika Tanzania yenyewe yaonyesha kwamba mashine bila watu waliofundishwa ni mzigo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi za hesabu zilizokusudiwa kufanywa kwa mashine za namna hiyo hazikwenda vizuri, na upungufu wa wataalamu wa kuziendesha ulikuwa sehemu ya matatizo. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na milango ikaja kufunguliwa kidogo kidogo baadaye. Somo la kompyuta lilipoanza kuingia katika shule za sekondari katika miaka ya 1990, lilikwenda kwanza penye umeme, chumba na mwalimu.

Ufipa ilikuwa na machache kati ya hayo. Mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, kwa miaka mingi haukuunganishwa na gridi ya Taifa. Mji wa Sumbawanga ulitumia umeme ulionunuliwa Zambia na kuletwa kwa njia inayopitia Mbala, pamoja na mitambo ya mafuta. Nguzo za umeme vijijini zimeongezeka sana katika miaka ya karibuni, lakini nguzo mlangoni pa shule si kompyuta darasani. Kijana aliyesoma sekondari ya kata huko Kalambo au Nkasi anaweza kuhitimu akiwa amejifunza kwenye ubao sehemu za kompyuta ambayo hajaigusa. Anaweza kuutaja ubongo wa mashine kwa jina lake la Kiingereza na asiweze kuandika barua ya kurasa mbili. Akifika chuoni hukuta wenzake arobaini wakiigombea mashine moja, na aliye hodari ndiye anayeshika kibodi hadi kipindi kinapokwisha.

Wala tatizo hili si la Rukwa peke yake. Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky alieneza fikra kwamba watoto waliozaliwa zama za mitambo hii ni wenyeji wake, na wazee ni wahamiaji. Fikra hiyo ilipendwa mno, kwa kuwa iliwapunguzia wakubwa kazi ya kufundisha. Lakini katika uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2018 uitwao ICILS, uliowapima wanafunzi wa darasa la nane katika nchi kama Ujerumani, Ufaransa, Marekani na Denmark, ambako watoto wengi hulala na simu chini ya mto, ni wanafunzi 2 tu katika kila 100 waliofikia ngazi ya juu kabisa ya matumizi ya kompyuta. Kuzaliwa karibu na mashine hakumfundishi mtu mashine.

Wafipa wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Kilimo cha matuta ya duara, yaitwayo intumba, ambayo nyasi hufukiwa ndani yake ili zioze na kurutubisha udongo, hakikuwahi kurithiwa kwa kutazama tu. Mtoto alipewa jembe na kuwekwa kando ya mtu mzima, akakosea, akasahihishwa palepale shambani. Karani naye anahitaji jembe na mtu wa kando.

Chama kinaweza kuanza siku ya usaili. Badala ya kuuliza kama mwombaji anajua kompyuta, bodi imkalishe mbele yake kwa muda wa saa moja na kumpa kazi ya kweli: majina kumi yenye kilo na namba za NIDA, ayaandike, ayajumlishe, ayapange kwa alfabeti, ahifadhi kwa jina atakaloambiwa, kisha afunge mashine, aiwashe tena na kuufungua waraka huo huo. Asiyeweza si lazima akataliwe. Kijana mwaminifu anayejua kupima kwa haki na kuandika stakabadhi bila kosa ni hazina, na yaliyobaki yanafundishika. Ila bodi itakuwa imejua inaajiri nini, naye hatalazimika kujificha nyuma ya duka la stesheneri.

Kisha yafuate mafunzo, na hapa mwenendo wa zamani wa nchi una la kufundisha. Mwaka 1970 ulipotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu hawakungoja majengo. Madarasa yalikaa chini ya miti na katika ofisi za vijiji, na aliyejua alimfundisha asiyejua. Kompyuta moja ya chama inatosha kuwafundisha makarani wanne wa vyama jirani wakikutana siku moja kwa juma, mradi kila mmoja ashike kibodi kwa mikono yake na mwalimu ajizuie kuinyakua. Mahali pa kukutania si tatizo kubwa: kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Chala wilayani Nkasi, na kuna chuo cha VETA mjini Sumbawanga. Kwa mambo ya uhasibu wa ushirika wenyewe, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho asili yake ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1963, ndicho chenye walimu wake. Mwenye dhamana ya kuyapanga yote haya ni Chama Kikuu, kwa kuwa chama cha msingi kimoja kikimpeleka karani wake peke yake, kitatumia nauli nyingi kwa faida ya mtu mmoja, ambaye mwaka ujao huenda akahamia Mbeya.

Suala la kuhama halina budi kukabiliwa kwa uwazi. Karani wa msimu akishafundishwa, thamani yake hupanda, na chama kinachomlipa miezi mitatu kwa mwaka kitampoteza. Vipo vyama vinavyolitumia jambo hili kama sababu ya kutomfundisha mtu. Hesabu yao haikai sawa, kwani karani asiyefundishwa naye huondoka, na huacha nyuma vitabu ambavyo mrithi wake hawezi kuvifumbua. Inafaa zaidi vyama viwili au vitatu vilivyo katika barabara moja vimwajiri karani mmoja wa mwaka mzima kwa kugawana mshahara, awe Laela Jumatatu na Mpui Jumatano, naye awafundishe makarani wa mizani wakati wa msimu.

Mambo mawili yasisubiri mafunzo. Nywila za chama zibadilishwe kila karani anapoondoka, na ziandikwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa saini na Mwenyekiti na Meneja, ikae ndani ya kasiki. Na katika msimu mzima wa kwanza wa karani mpya, daftari la karatasi lisifungwe. Mapokezi ya kila siku yaandikwe kotekote, na jioni, kabla ghala halijafungwa, mjumbe mmoja wa bodi achague wanachama watano bila utaratibu na kulinganisha stakabadhi, daftari na lahajedwali: jina, kilo, namba ya kitambulisho hadi tarakimu ya ishirini. Kazi hiyo haizidi robo saa, wala haihitaji mjumbe ajue kompyuta. Ni muhimu achague wanachama kutoka katikati ya orodha, kwa kuwa anayekagua mstari wa juu na jumla ya chini peke yake hataliona lile kosa la majina yaliyohama.

Mahindi ya Ufipa huvunwa kuanzia mwezi wa Juni, na kuanzia hapo hadi Septemba hakuna karani mwenye nafasi ya kujifunza kitu. Miezi ya Januari hadi Aprili, mvua zinaponyesha na maghala yakiwa matupu, kompyuta za vyama hukaa zimefunikwa kitambaa.